Ardhi ya Watu Haikanyagwi Kimya

Dunedin,
2 Machi 1986

Mjomba Bureimoa,

Nimefika. Vidole vya mikono vyote kumi ninavyo. Vya miguu sina habari navyo, kwa sababu sijavua soksi tangu Jumanne. Wenyeji wanasema hiki ni kiangazi. Nilidhani wananitania mpaka nikaona mwanamke wa makamo amevaa gauni lisilo na mikono, anakula aiskrimu barabarani, na hakuwa mgonjwa.

Tunaishi wanafunzi wanne katika nyumba ya mbao iliyobandikwa kwenye mlima kama kiota. Chumba changu kinatazama kusini, kwa hiyo habari za jua nazipata kwa jirani. Ninayekaa naye karibu ni Murray, mtoto wa wafuga kondoo. Siku ya kwanza aliniuliza kisiwa chetu kina urefu gani.

"Maili ishirini na kitu," nikamwambia.

"Na upana?"

"Ukirusha jiwe vizuri linaangukia upande wa pili."

Akacheka mpaka akakaa. "Sasa wewe unasomea upimaji ardhi wa nini?"

"Ndiyo maana napima. Ingekuwa nyingi tusingegombana."

Afisa wa elimu pale Tarawa alinikumbusha tena kabla sijapanda ndege: nikianguka mtihani wa Novemba, tiketi ya kurudi iko tayari na nafasi itakwenda kisiwa kingine. Hakuwa na haja ya kunitisha. Nawakumbuka wale nguruwe wawili mliowachinja kuniaga. Nitawezaje kurudi kuwatazama usoni watu waliowala?

Yale uliyoniagiza nimeyafanya. Tumbaku nimetoa, mchanga nimepaka. Mwambie Mama atulie.

Mpwa wako,
Tamuera


Nonouti,
29 Machi 1986

Tamuera,

Barua yako imefika na ndege ya Alhamisi, pamoja na kuku wa watu na rubani mwenye hasira. Nimemsomea mama yako, maana macho yake siku hizi yanaona ng'ambo ya rasi lakini hayaoni kilichomo sahanini. Nasoma nikiruka, kama mtu anayevuka tope. Ikitajwa baridi naruka. Nikiliachia neno hilo likatoka mara moja tu, ataanza kukusukia mkeka mzito wa mkadi, na posta hawapokei mikeka.

Wiki iliyopita tulipokea bwana shamba mpya, kijana wa miwani myeusi. Nikamwambia, twende kwanza kwenye jiwe, ukajitambulishe kwa ardhi. Akasema, "Mzee, mimi ni Mkristo."

"Na jiwe ni jiwe," nikamjibu. "Halikuulizi dini. Linauliza jina lako, wewe ni mtoto wa nani, na unaondoka lini."

Akakataa. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na tumbaku vipande vitatu kwa mkono mwingine. Kimoja kilitosha. Hivyo viwili nimevivuta mimi, kwa niaba ya wanaohusika.

Sasa wewe. "Tumbaku nimetoa, mchanga nimepaka." Basi? Mtu aliyejitambulisha kweli hujaza ukurasa: alisimama wapi, upepo ulitoka wapi, nani alipita akamcheka. Miaka mingi nalitunza lile jiwe, na uongo wa watu waliochoka na safari naujua kwa harufu. Nijibu: tumbaku uliitoa wapi? Ulitaja siku ya kuondoka? Hilo ndilo kubwa. Mgeni asiyesema anaondoka lini, ardhi humhesabu kuwa ni wake.

Na jambo moja. Nje kidogo ya mji huo kuna bandari. Usiende. Hakuna cha kuona kule, meli ni meli.

Mjomba wako,
Bureimoa


Dunedin,
25 Mei 1986

Mjomba,

Umenikamata. Nisamehe, na bado usimwambie Mama.

Mchanga ulichukuliwa uwanja wa ndege. Afisa wa karantini aliufungua ule mfuko mbele ya foleni nzima, akauliza ni nini. Nikamwambia ni mchanga wa kwetu, wa kupaka mashavuni. "Unatibu nini?" akauliza. Nikasema unatibu ugeni. Aliuandika kwenye fomu kama udongo, akautia kwenye pipa la kuchomea. Alikuwa na adabu sana. Alinipa risiti.

Tumbaku nayo niliiacha juu ya meza, nikisema nitakwenda Jumamosi. Murray akaikuta, akaikata kwa kisu cha mkate, akasokota, akavuta yote jioni moja. Alitapika mpaka asubuhi. Niliona aibu kumwambia alikuwa anavuta nini, nikaona aibu zaidi kukuandikia.

Nakuandikia sasa kwa sababu ya kitu kingine. Huku usiku wa baridi kali huota sakitu, ule unga mweupe wa barafu juu ya majani. Ukikanyaga, alama inabaki nyeusi mpaka jua litoke. Siku kumi na moja zilizopita niliona alama uani, nyuma ya nyumba. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu. Zinatoka getini, zinakuja hadi katikati ya majani, zinasimama. Za kurudi hakuna.

Nikamwonyesha Murray. "Mlevi," akasema.

"Mlevi asiye na viatu, kwenye barafu hii?"

"Hao ndio walevi wenyewe."

"Na alirudi vipi?"

Akakuna kichwa. "Labda aliruka uzio."

Mjomba, vidole vya nyayo zile vimetanuka. Watu wa huku vidole vyao vimebanana kama abiria, tangu utoto viatu vimevifunga. Huyu hajawahi kuvaa kiatu mpaka akawa mtu mzima. Kila penye sakitu anakuja, na kila akija anasimama karibu zaidi na mlango.

Tamuera


Nonouti,
14 Juni 1986

Tamuera,

Leo sina utani.

Tazama mguu wa kushoto. Hesabu vidole. Niandikie siku hiyo hiyo.

Nunua tumbaku yoyote dukani, nenda mahali maji ya bahari yanapogusa nchi, useme jina lako, la baba yako, na siku ya kuondoka. Kwa sauti. Si bandarini. Nimesema si bandarini.

Mama yako hajambo. Barua yako nimemsomea mistari sita.

Bureimoa


Dunedin,
6 Julai 1986

Mjomba,

Nimehesabu. Kulia vitano, kushoto vinne. Kidole kidogo hakipo. Kwa kuwa nasomea kupima nimepima pia: sentimita ishirini na saba, na hatua fupi, kama za mtu aliyebeba kitu au mgonjwa. Sasa anafika kwenye ngazi.

Ulijuaje?

Nakuuliza lakini jibu ninalo, na silipendi. Tangu nikiwa mtoto Mama ananisimulia jinsi baba alivyojikata kidole kidogo kwa tezo akichonga mtumbwi, akakitupa majini akisema samaki nao wale. Ni kichekesho chake cha pekee kuhusu baba, nimekisikia mara mia. Kushoto.

Baba alipotelea baharini miezi minne kabla sijazaliwa. Wimbi lilimchukua kutoka kwenye meli ya fosfeti. Wewe ulikuwemo melini, wewe ndiye uliyeleta sanduku lake nyumbani. Maji yana kina gani pale alipopotelea, Mjomba, hata apande mlima wa Dunedin kwa miguu?

Ufukweni sijaenda. Nina kikohozi, na kutoka hapa hadi majini ni upepo mtupu. Darasani nasinzia. Mwalimu ametupa zoezi la kufunga mzunguko: unapima kutoka alama hadi alama mpaka unarudi ulipoanzia, na hesabu lazima zikutane. Za kila mtu zilikutana isipokuwa zangu. "Umepotea mita mbili, bwana Tamuera," akasema. "Ziko wapi?" Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini usiku nilizitafuta hizo mita mbili kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Niandikie kweli. Nimechoka kuhesabu vidole.

Tamuera


Nonouti,
27 Julai 1986

Mwanangu Tamuera,

Safari hii nitaandika ukurasa, kama aliyejitambulisha kweli.

Baba yako Kaitu hakupotelea baharini. Tulifika bandari hiyo Julai ya mwaka sitini na saba, meli imeharibika usukani, tukakaa wiki tatu. Kabla hatujaondoka nyumbani baba yangu alinipa vipande viwili vya tumbaku: kimoja changu, kimoja cha shemeji yangu. Mimi ndiye mtoto wa mtunza jiwe. Kumtambulisha Kaitu ilikuwa kazi yangu.

Njiani tumbaku yangu ya kuvuta iliisha. Siku ya tano ya baridi nikavuta kipande kimoja. Nikajiambia, kilichobaki kitatutosha wawili. Tulipofunga gati nilishuka peke yangu nikakitoa, nikasema jina langu na siku ya kuondoka. La Kaitu sikulisema. Kipande kimoja, mtu mmoja, ndivyo nilivyofundishwa, na niliona haya kusema la pili bila kitu mkononi. Nikarudi melini. Akaniuliza, "Umenitaja?" Nikamwambia, "Nimekutaja mpaka wamechoka." Akacheka, akashuka nchi kavu.

Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku nne. Walimtibu vizuri, siwalaumu. Wakamzika juu ya bandari. Nahodha alisema maneno machache, mvua ikanyesha, tukaondoka.

Kwa nini nilisema bahari? Kwa sababu bahari haiulizi. Ningesema kaburi, mama yako angeuliza, nani alimtambulisha pale alipolala? Nani alimwimbia njia ya kaskazini, roho isikae ikizunguka nchi ya watu? Na angeniuliza mimi, maana nilikuwa mimi peke yangu.

Miaka kumi na tisa sasa. Nimewapeleka mamia ya wageni kwenye lile jiwe, na kila mmoja nimemuuliza jina lake mara mbili. Watu husema, Bureimoa ni mwangalifu.

Ulipopata nafasi ya masomo nilishangilia na wengine. Walipoutaja mji, nikaenda nyuma ya banda la mashua nikakaa huko mpaka nguruwe wakaiva. Ningesema pale. Nilikuwa na kinywa, na wewe ulikuwa hujaondoka.

Usiende kaburini mpaka nifikirie namna. Nipe muda. Dada yangu hajui, na sijui nitasimama wapi kumwambia. Kisiwa ni chembamba.

Bureimoa


Dunedin,
20 Agosti 1986

Mjomba,

Nimekwenda.

Ulitaka muda. Umekuwa nao tangu kabla sijazaliwa.

Mlinzi wa makaburi ni mzee mwenye mbwa kipofu. Nikamwambia natafuta baharia wa Visiwa vya Gilbert, kama tulivyoitwa zamani. Akafungua kitabu, akapitisha kidole. "Tunaye mmoja. Tom. Julai, sitini na saba. Huyu Tom ni nani wako?"

"Baba yangu. Haitwi Tom."

"Wengi wao hawakuitwa Tom," akasema, akafuta vumbi kwenye ule mstari kwa mkono wa sweta, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto.

Jiwe la kaburi hakuna, ni majani tu. Lakini ramani ipo, na kupima najua. Nikatoa futikamba, nikapima kutoka kaburi la mwanamke mmoja na la mapacha, nikafika mahali, nikapigilia kijiti. Nikarudia mara tatu. Hesabu zilikutana hadi sentimita. Ni zoezi la kwanza nililolifaulu muhula huu.

Udongo ulikuwa mgumu kama sahani. Nikaukwaruza kwa ufunguo, nikaupasha kwenye viganja mpaka ukalainika, nikaupaka mashavuni. Nikaweka tumbaku. Nikasema, "Mimi ni Tamuera, mtoto wa Kaitu na Tangiria wa Nonouti. Nimefika kwako. Nipokee."

Nilifikiri nimetenda vema. Nani mwingine wa kumwendea? Kalala hapo miaka kumi na tisa, kwangu mimi huyo ndiye mwenyeji. Nilirudi kwa miguu maili saba, sikukohoa hata mara moja.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na sakitu, na nyayo zilikuwepo. Zilitoka mlangoni kwenda getini. Jozi mbili, sambamba.

Moja ni ile ya vidole tisa. Ya pili ina vidole vyote kumi, sentimita ishirini na sita na nusu. Nikaingia ndani, nikavua soksi. Zilikuwa zimelowa chapachapa. Nikapima mguu wangu.

Imekuwa hivyo mara nne. Murray ananifunga mlango kwa kamba ya kondoo, fundo ambalo anasema halijawahi kufunguka, na asubuhi kamba tunaikuta imekunjwa vizuri juu ya kiti. Alikuwa na vichekesho siku ya kwanza. Sasa analala sebuleni, ameegemeza kiti kwenye mlango wa mbele.

Wiki hii sijaenda darasani. Nitakuambia kinachonitisha, na si yeye. Nikiamka, Mjomba, sisikii baridi. Nyumba nzima inatetemeka, mimi nina joto, kama niliyetoka kulala katikati ya watu wawili nikiwa mdogo. Nakaa kitandani nangoja usiku mwingine.

Safari hii msomee Mama. Usiruke.

Tamuera


Nonouti,
13 Septemba 1986

Tamuera,

Naandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa miwani niliyoazima kwa katekista. Inanibana pua.

Mjomba wako alinisomea barua yako, ikaisha kabla maji ya kikombe kimoja hayajachemka. Niliona kurasa nne. Nikamwambia, "Bureimoa, mtoto siku hizi anaandika hewa?"

"Maandishi yake makubwa, dada."

"Makubwa kama uongo wako?"

Nikaichukua, nikaenda kwa binti wa katekista, akanisomea hadi jina lako. Niliporudi mjomba wako alikuwa amekaa mlangoni, ameziweka barua zako zote mbele yake, zimefungwa kwa mshipi wa kuvulia, na juu yake nakala ya ile aliyokuandikia yeye. Akasema, "Dada, nipige."

Nikamwambia, "Kupigwa ni kwa watoto. Kaa pale ukune nazi."

Amekuna nazi kumi na nne. Hatujazungumza bado, ila tui lipo la kutosha.

Miaka kumi na tisa sijala papa kwa heshima ya baba yako, nikidhani wamegawana. Kumbe yuko chini ya majani ya watu, na jina la Tom. Nitalia baadaye. Sasa nina mtoto mmoja na ndege inaondoka kesho.

Sikiliza. Umekosea, na si kosa lako, aliyekuwa akufundishe alikuwa anajificha. Mgeni hujitambulisha kwa mwenye ardhi. Baba yako si mwenye ardhi hiyo, ni mgeni kama wewe, tena hakutajwa. Amezunguka milango ya watu miaka yote hiyo akitafuta wa kumsemea. Wewe ukaenda ukamwambia, nimefika kwako, nipokee, na siku ya kuondoka hukutaja. Angefanya nini? Kakupokea. Kaitu alikuwa mkarimu, hakuweza kumwacha mtu asimame mlangoni.

Nenda mchana. Nenda na huyo Murray, watu wa kondoo wanajua kurudisha waliopotea. Simama upande wa miguu yake. Soma haya yanayofuata kwa sauti ya mtu anayegombeza, si sauti ya kanisani, yeye ya kanisani alikuwa anailalia.

Kaitu.

Ni mimi, Tangiria. Usijifanye hujasikia. Ulikuwa ukifanya hivyo ulipokuwa hai na haikukusaidia.

Huyu anayesoma ni mwanao. Uliondoka hujajua kama ni wa kiume au wa kike. Ni wa kiume, anaitwa Tamuera. Wewe ulitaka jina la baba yako, nikakataa, tukagombana hadi gati. Nilishinda. Ana masikio yako na ubishi wangu, basi usijaribu kushindana naye, utachelewa tena.

Nimesikia umekuwa ukimtoa nje usiku. Naelewa. Miaka yote hiyo huna wa kuzungumza naye lugha yako, kisha mmoja anakuja na kulala nyumba ya jirani. Hata mimi ningebisha hodi. Lakini hakuja kuishi nawe. Amekuja kusoma miaka minne, na Novemba ya mwaka wa nne anarudi kwangu. Nasema mbele yako na mbele ya wenye ardhi, ambao majina yao siyajui, wanisamehe, na wewe Kaitu nakutaja kwao leo: Kaitu wa Nonouti, mchonga mitumbwi, alikaa siku nyingi kuliko alivyokusudia, sasa anaondoka.

Ondoka basi. Weka jua la asubuhi upande wako wa kulia. Ni mbali, lakini hujawahi kuwa mvivu wa kutembea. Utafika Arorae, kisha Tamana, kisha Onotoa. Ukifika Nonouti usisimame. Nitakuwa nje natwanga. Labda nitakuona, labda sitakuona, wewe pita. Abemama. Tarawa. Butaritari. Makin. Pale kwenye lango la wafu utamkuta mlinzi wake, Nakaa, anashona wavu. Akikuuliza mbona umechelewa, mwambie ni shemeji yako. Atakuelewa, kila mtu ana shemeji.

Mwache mtoto. Mimi nitakuja kwa wakati wangu, na tutagombana vizuri.

Hapo ndipo mwisho. Ukishasoma, geuka uondoke. Usisubiri ajibu. Halafu watafute watu wenye ardhi hiyo wa tangu mwanzo, lazima wapo, ujitambulishe kwao mdomo kwa mdomo. Halafu nenda darasani.

Mama yako,
Tangiria


Dunedin,
5 Oktoba 1986

Mama,

Barua yako ilifika Jumanne. Jumatano saa sita mchana tulikwenda, Murray na mimi, kwa gari la baba yake lenye harufu ya kondoo. Nilisoma kwa lugha yetu. Murray alivua kofia, akaniuliza kwa kunong'ona mbona nafoka. Nikamwambia ni barua ya mapenzi. Akasema kwao pia huwa hivyo.

Nilipofika pale pa shemeji nilicheka, ikabidi nirudie mstari. Nilimtajia kila kisiwa.

Kuna mama mmoja anapika chuoni, watu wake ndio wa hapa tangu hakujawa na mji. Nilimpelekea tumbaku. "Niliacha kuvuta Januari," akasema, "lakini lete." Akaniuliza jina, watu wangu, na bila mimi kumkumbusha akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia, Novemba themanini na tisa. Akasema, "Haya, karibu. Vaa kofia." Kisha akaniongezea viazi.

Baridi nimeanza kuisikia tena. Nimevaa sweta mbili za Murray na bado meno yanagongana, na Murray amefurahi kuliko mimi, amerudi kulala chumbani kwake. Mtihani wa kwanza ni wiki nne zijazo. Yale masomo niliyokosa nanakili kwa watu, na mwalimu amenirudishia lile zoezi la mzunguko nilifanye upya. Nadhani nitaweza. Sakitu haijaanguka tena tangu tulipotoka kule, kwa hiyo nikikuambia hakuna nyayo nitakuwa sijasema kitu.

Mpe Mjomba salamu. Mwambie nimemaliza kumkasirikia mchana, bado jioni.

Kuna jambo moja, Mama, nataka ulisikie kwangu badala ya kulisikia kwa mtu baada ya miaka kumi na tisa. Ulisema nikimaliza nigeuke, nisisubiri ajibu. Niligeuka. Nilitembea hadi kwenye gari. Murray akawasha, nami nikamwambia azime.

Nilisubiri. Si sana, kama muda wa kuvuta sigara moja. Upepo ulikuwa wa kusini, unaokwenda kwenu.

Hakujibu. Ndipo nikamwambia Murray twende.

Mwanao,
Tamuera